Uzi maalumu: Vifaa vya Cassini vilivyoikuta bahari ya Enceladus, na kwa nini kamera haikuwa ya kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila zikitajwa safari za anga za mbali, tunatumiana picha: pete za Zohali, dhoruba ya Mshtarii, mawe mekundu ya Mirihi. Picha zina haki yake. Ila uzi huu nauandika kwa ajili ya vifaa vingine, vile ambavyo kazi yake huishia kwenye safu za namba na michoro ya mistari isiyovutia macho. Ugunduzi ninaouona mkubwa kuliko wote katika mfumo wa jua kwa miaka hii ishirini ulianzia huko. Nazungumzia bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 504 tu. Chombo kilichoikuta ni Cassini, nacho hakikutumwa kutafuta bahari pale.

Cassini ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 15 Oktoba 1997. Ilikuwa kazi ya pamoja ya NASA, shirika la anga la Ulaya ESA, na shirika la Italia ASI. Pamoja na mafuta ilizidi tani tano na nusu, na hapakuwa na roketi ya kuifikisha Zohali moja kwa moja. Ikabidi ichote mwendo njiani: ilipita Zuhura 1998 na tena 1999, ikarudi kuipita Dunia Agosti 1999, kisha Mshtarii Desemba 2000, na mvutano wa kila sayari ukaisukuma mbele. Tarehe 1 Julai 2004 iliwasha injini kwa dakika 96 ili kupunguza kasi, ikanaswa na Zohali. Huko mwanga wa jua ni hafifu karibu mara 90 kuliko hapa kwetu, kwa hiyo umeme wake ulitokana na joto la kilo 33 hivi za plutoni.

Ilibeba vifaa 12 vya kisayansi, ukiacha vile 6 vilivyokuwa ndani ya kichombo kidogo cha Huygens kilichokusudiwa kutua Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Hapa kuna jambo linalosemwa mara chache. Awali kamera na baadhi ya vifaa vilitakiwa kukaa kwenye jukwaa linalojigeuza lenyewe. Mwaka 1992 bajeti ilipokatwa, jukwaa hilo likaondolewa na vifaa vikafungwa moja kwa moja kwenye mwili wa chombo. Matokeo yake, ukitaka kamera itazame kulia, unageuza Cassini nzima. Ukitaka kutuma data nyumbani, unaelekeza antena kubwa duniani na kamera zinaangalia kwingine. Kila saa ya chombo kile iligombewa mezani na timu za wanasayansi, mara nyingi miaka kabla ya tukio lenyewe. Kumbukeni hilo, maana habari ya Enceladus inaanzia kwenye mpango uliokwisha kukubaliwa, halafu mtu akaomba ubadilishwe.

Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati.

#2 Mdau

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3 Mleta uzi

Tuendelee. Tarehe 17 Februari 2005 Cassini ilipita karibu na Enceladus kwa mara ya kwanza, na tarehe 9 Machi ikapita tena, safari hii kwa umbali wa kilomita 500. Ratiba ilikuwa ya kawaida. Mwezi huu ulikuwa unajulikana kwa weupe wake tu, maana unarudisha karibu mwanga wote wa jua unaoupiga, na tangu Voyager ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wanajiuliza kwa nini sehemu kubwa ya uso wake haina mashimo ya vimondo.

Timu ya kipimasumaku ilikuwa inaongozwa na Michele Dougherty wa Imperial College London. Walipochora namba zao wakaona mistari ya uga sumaku wa Zohali imepinda pale kwenye Enceladus, kana kwamba inazunguka kitu kikubwa kuliko mwezi wenyewe. Mwezi uliokufa, barafu tupu, haupaswi kufanya hivyo.

Dougherty akaenda kwa viongozi wa safari akaomba mpito wa Julai ushushwe. Ulikuwa umepangwa kuwa umbali wa kama kilomita 1,000. Ukashushwa hadi kilomita 173. Mtu anaomba chombo cha mabilioni ya dola kisogezwe karibu na mwezi kwa sababu ya mstari uliopinda kwenye karatasi, hana hata picha moja ya kuonyesha. Na wakamkubalia. Mimi huo uamuzi nauheshimu sana.

#4 Mdau

Hapo kidogo sijaelewa. Kipimasumaku kinaonaje maji? Maji hayana sumaku.

#5 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na jibu lake ndilo linalonifanya nikipende kile kifaa.

Zohali ina uga sumaku mkubwa, na ndani ya uga huo kuna gesi yenye chaji za umeme, plazima, inayozunguka pamoja na sayari. Zohali inajizungusha mara moja kwa saa kumi na nusu hivi, kwa hiyo plazima ile inakimbia kuliko Enceladus na inaupita mwezi huo muda wote. Mwezi ungekuwa mkavu, plazima ingeugonga na kupita, na uga usingesumbuka sana. Lakini mwezi ukiwa unatoa gesi, molekuli za gesi hiyo zinapokonywa elektroni, zinakuwa ioni, na ioni ni nzito kuzisukuma. Plazima inapunguza mwendo, na kwa kuwa uga sumaku unasafiri nayo, mistari yake inajikunja kuzunguka eneo hilo. Kipimasumaku kikapima huko kujikunja. Zaidi ya hapo, ioni mpya huzunguka mistari ya uga kwa mdundo unaotegemea uzito wake, na mdundo uliosikika ulikuwa wa ioni zenye uzito wa maji.

Hivyo bila kuona chochote, walikuwa na hoja mbili: kuna gesi, na gesi hiyo huenda ni maji.

Nyongeza ya kiufundi kwa mafundi wenzangu wa umeme: kifaa hicho huwezi kukifunga katikati ya chombo, kwa sababu nyaya na mota za chombo zina sumaku yake. Cassini ilikuwa na mlingoti wa mita 11 uliokunjuliwa baada ya kurushwa, vihisi vikakaa huko mbali na makelele ya chombo.

#6 Mleta uzi

Sasa Julai 14, 2005, kilomita 173. Siku hii ndiyo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu vifaa vingi vilifanya kazi kwa mpito mmoja na kila kimoja kikatoa ushahidi kwa njia yake.

Kifaa cha joto, kinachosoma mwanga wa infraredi, kilikuta ncha ya kusini ina joto kuliko ikweta. Fikirieni hilo. Ikweta ndiyo inayopata jua, ncha inapaswa kuwa baridi zaidi. Joto lile lilikuwa limejipanga kwenye nyufa nne ndefu, kila moja kama kilomita 130, ambazo kamera ilizichora vizuri.

Kifaa cha miale ya urujuanimno kilitazama nyota ikipita nyuma ya mwezi. Mwanga wa nyota ulififia kabla haujazibwa na mwezi wenyewe, na namna ulivyofifia ilionyesha mvuke wa maji. Ukiangalia upande mwingine wa mwezi hakukuwa na kitu. Mvuke ulikuwa wa kusini peke yake.

Halafu vile viwili vinavyogusa. Spektromita ya kupima uzito wa molekuli ilipima gesi ya pale pale chombo kilipopita, ikakuta maji kwa wingi. Kipima vumbi kikahesabu punje za barafu zilizokipiga. Na hapa kuna jambo dogo lenye maana kubwa. Ungetarajia punje na gesi viwe vingi zaidi pale chombo kilipokuwa karibu kabisa na mwezi. Haikuwa hivyo. Punje zilifika kilele kama dakika moja kabla ya hapo, gesi kama sekunde 35 kabla. Cassini ilikuwa inatoka upande wa kusini, kwa hiyo kilele kuwahi kulimaanisha chanzo kiko kusini, na kwamba gesi na vumbi vinatawanyika kwa namna tofauti.

Sumaku, joto, mwanga wa nyota, gesi, vumbi: vyote vinaelekeza kwenye nyufa zile zile. Kamera ikaja kuipata picha safi ya michirizi yenyewe ikirushwa angani mwezi Novemba 2005. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na wengi wanadhani ndiyo ugunduzi. Wakati inapigwa, kesi ilikuwa imeshasikilizwa.

#7 Mdau

Mimi ni mtu wa maabara, mashine ya kupima uzito wa molekuli ninaijua kazini. Ninachojiuliza ni uchafu. Sisi hapa chini tukipima kitu kidogo, nusu ya kazi ni kuhakikisha tunachokiona hakitoki kwenye mashine yenyewe. Wao kule walifanyaje, hakuna wa kwenda kuisafisha?

#8 Mleta uzi

Umegusa penyewe. Walikutana na tatizo hilo hilo na liliwachelewesha miaka.

Katika mipito ya mwanzo spektromita ilionyesha hidrojeni. Hidrojeni ni habari kubwa, maana maji ya moto yanapokutana na mwamba chini ya bahari hutoa hidrojeni, na hapa duniani kuna vijidudu vinavyoishi kwa kuila. Lakini chombo kinapita kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Punje za barafu zikiingia kwenye chemba ya kifaa zinapiga kuta za titani (metali, siyo mwezi Titan), na maji yakigusana na titani iliyochubuka upya hutoa hidrojeni yenyewe. Kwa hiyo huwezi kujua ni ya Enceladus au ni ya kifaa. Wakakaa kimya bila kutangaza.

Kifaa kile kilikuwa na njia mbili za kuingizia gesi. Moja ni ya chemba iliyofungwa, ambako gesi inagonga kuta kwanza. Nyingine iko wazi, gesi inapita moja kwa moja bila kugusa ukuta. Mpito wa tarehe 28 Oktoba 2015, kilomita 49 tu juu ya ncha ya kusini, ulipangwa kutumia njia ya wazi. Hidrojeni ikaonekana tena. Walifanya hesabu zao, na Aprili 2017 ndipo wakachapisha. Miaka zaidi ya kumi tangu mpito ule wa kilomita 173! Uvumilivu wa namna hiyo ndio unaonifanya niamini matokeo yao.

Kipima vumbi nacho kina kisa chake. Kiliundwa kwa kazi ya kuchunguza vumbi la anga kwa jumla. Punje ikikipiga kwa kasi, inapasuka kuwa wingu la ioni, na kwa kupima muda ambao kila ioni inachukua kufika upande wa pili unajua uzito wake. Timu ya Wajerumani, Frank Postberg na wenzake, walipopitia punje za pete ya E ya Zohali, ambayo inalishwa na Enceladus, walikuta chumvi ya sodiamu. Hiyo ilichapishwa 2009. Chumvi haipandi na mvuke. Ili chumvi iwe ndani ya punje, punje hiyo lazima iwe tone la maji ya chumvi lililogandishwa, na maji huwa na chumvi yakikaa muda mrefu na mwamba. Mwaka 2015 wakaripoti chembe ndogo mno za silika, madini ya mchanga, aina ambayo inahitaji maji ya kama nyuzi 90 za Selsiasi au zaidi. Yaani chini ya bahari ile kuna chemchemi za moto.

#9 Mdau

Madini haya. Lakini mkuu, bado hujasema walijuaje ni bahari. Yaweza kuwa vidimbwi tu chini ya zile nyufa.

#10 Mleta uzi

Kweli kabisa, na kwa miaka mingi wataalamu walibishana hivyo hivyo. Jibu lilitoka sehemu mbili, na ya kwanza inanigusa kwa sababu mimi kazi yangu ni mitambo ya redio kwenye minara ya simu.

Cassini ilikuwa na antena ya mita 4 iliyotengenezwa na Waitaliano, na kipaza mawimbi cha wati 20. Wati ishirini, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 1.2. Huku chini wanapokea kwa madishi ya mita 70 yaliyoko California, Madrid na Canberra. Sasa, king'ora cha gari la wagonjwa kikikujia sauti inakuwa kali, kikikupita inazama. Mawimbi ya redio hufanya hivyo hivyo. Chombo kikivutwa hata kidogo na mvuto wa mwezi, masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) yanabadilika, na walikuwa wanaweza kutambua badiliko la mwendo lililo chini ya sentimita 30 kwa saa. Kwa saa, wakuu, siyo kwa sekunde.

Luciano Iess wa chuo cha Sapienza, Roma, na wenzake walitumia mipito mitatu ya kati ya 2010 na 2012. Ncha ya kusini ya Enceladus imebonyea, kwa hiyo mvuto wake pale ungetakiwa kupungua kwa kiasi fulani. Ukapungua, ila kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kuna kitu kizito huko chini kinachofidia, na maji ni mazito kuliko barafu. Matokeo hayo yalitoka 2014. Hata hivyo yalithibitisha bahari ya upande wa kusini tu.

Sehemu ya pili ni kamera, na hapa nairudishia heshima yake. Watu walikaa na picha za miaka zaidi ya saba, wakaweka alama kwenye mashimo ya uso wa mwezi kwa mkono, picha baada ya picha, ili kupima unavyotikisika unapozunguka Zohali. Mtikisiko ukawa kama nyuzi 0.12 za pembe. Ni mkubwa mno kwa mwezi ambao barafu yake imeshikamana na mwamba. Ganda la barafu linaelea, limetengana na kiini pande zote. Septemba 2015 ikatangazwa: bahari inaizunguka Enceladus yote.

#11 Mdau

Samahani mleta uzi, mimi nina shaka. Hizi namba zote zinatoka kwa watu wale wale waliotengeneza chombo. Sisi tunathibitishaje? Picha siku hizi mtoto anatengeneza kwenye simu.

#12 Mleta uzi

Shaka yako naichukulia kwa uzito ndugu yangu, maana ni haki ya kila msomaji.

Kwanza, hawakuwa watu wale wale. Nchi 17 zilishiriki kuijenga safari ile. Kipimasumaku Waingereza, vumbi Wajerumani, mvuto Waitaliano, spektromita Wamarekani. Kila timu ina sifa yake ya kulinda na ingefurahi kuikamata nyingine imekosea. Pili, data zote zimewekwa wazi kwenye hifadhi ya NASA ya data za sayari. Picha ghafi zilikuwa zinawekwa mtandaoni hata kabla wanasayansi hawajazichambua. Tatu, kuna mashahidi wa nje. Darubini ya James Webb, ambayo haina uhusiano na Cassini, iliutazama Enceladus na mwaka 2023 ikaripotiwa kuwa mvuke wake umetapakaa zaidi ya kilomita 9,600 kutoka kwenye mwezi, maji yakitoka kama lita 300 kila sekunde.

Hapo pia tofauti inaonekana. Webb inaweza kukuambia maji yamefika wapi. Kama yana chumvi, haiwezi. Kwa hilo inabidi uende ukayaguse.

#13 Mdau

Na Huygens? Umeitaja ukaiacha.

#14 Mleta uzi

Haki yake nampa sasa, japo ni habari ya Titan.

Huygens ilikuwa ya ESA, ilibebwa mgongoni na Cassini. Mpango: inashuka Titan kwa parashuti, inatuma data kwa Cassini, Cassini inazipeleka duniani. Chombo kikiwa njiani tayari, mhandisi wa ESA, Boris Smeds, alisisitiza wafanye jaribio ambalo halikufanyika ipasavyo kabla ya kurusha: kutuma kutoka duniani ishara inayofanana na ya Huygens, ikiwa na badiliko la masafa litakalosababishwa na mwendo. Wakafanya mwaka 2000 wakitumia dishi la Goldstone, California. Kipokezi cha Cassini kikashindwa. Kilikuwa kinaweza kufuata mawimbi yenyewe yakibadilika, lakini kasi ya data ndani ya mawimbi ikibadilika kinapotea. Na programu yake ilikuwa imefungwa, haibadilishiki kutoka huku chini. Safari ingefika, Huygens ingetua, na karibu kila kitu kingepotea.

Suluhisho lilikuwa la kugeuza njia. Badala ya Cassini kupita kilomita 1,200 juu ya Titan ikikikimbilia kichombo, ilipita mbali, kilomita 60,000 hivi, ili mwendo wake uwe wa kukatiza ubavuni. Kwa njia hiyo masafa yanabadilika kidogo tu. Wakabadilisha ratiba nzima ya mizunguko ya kwanza. Huygens ikaachiwa tarehe 25 Desemba 2004, ikatua 14 Januari 2005 baada ya kushuka kwa karibu saa mbili na nusu.

Na hata hivyo kukawa na kasoro. Njia za mawasiliano zilikuwa mbili, na amri ya kuwasha kipokezi cha njia moja haikutumwa. Nusu ya picha zikapotea, zikabaki kama 350, na kipimo cha upepo ambacho kilitegemea njia ile pekee kikaenda nayo. Lakini darubini za redio za duniani zilikuwa zimegeuzwa Titan kusikiliza mnong'ono wa Huygens moja kwa moja, na kutokana na masafa yale wakaukokotoa upepo wa Titan tena. Kwa mtu wa redio, hilo ni jambo la kuvua kofia.

Titan yenyewe imefunikwa na ukungu mzito, kwa hiyo ramani yake kubwa ilichorwa na rada ya Cassini. Rada ndiyo iliyoonyesha bahari za methani kimiminika. Ile inayoitwa Ligeia Mare ilipimwa kina chake kwa mwangwi mara mbili, mmoja wa uso na mwingine wa sakafu, ikapatikana mita 160 hivi. Kupima kina cha bahari ya mwezi wa sayari nyingine! Sijui kwa nini hatulizungumzii hili kila siku.

#15 Mdau

Mimi natokea pande za Malindi. Umetaja Waitaliano na antena, nikakumbuka ile minara ya kurushia roketi ya San Marco baharini pale Ngomeni. Ni hao hao?

#16 Mleta uzi

Ni nchi hiyo hiyo kaka, ingawa Cassini haikurushwa wala kuongozwa kutoka pale. Waitaliano walijenga ujuzi wao wa anga kwa sehemu kubwa kupitia hiyo minara. Pale Ngomeni ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Nayo ilikuwa ya vifaa visivyopiga picha za kupendeza: vihesabio vya miale ya eksirei tu. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo, na ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Urushaji wa mwisho pale ulikuwa 1988. Vijana wa Malindi wana haki ya kuijua historia hiyo kuliko mtu yeyote.

#17 Mdau

Sawa, lakini dola bilioni ngapi hizo? Watu hawana maji ya kunywa hapa duniani na nyie mnatafuta maji ya Zohali.

#18 Mleta uzi

Karibu dola bilioni 3.9 kwa jumla, zikigawanywa kwa zaidi ya miaka ishirini ya kujenga, kusafiri na kufanya kazi. Sitasema ni kidogo. Na hoja yako ya maji ni ya kweli, sina haki ya kuipuuza. Ninachoweza kusema ni kwamba pesa zile zililipa watu: wahandisi, mafundi, wanafunzi waliosomea shahada zao kwenye data ile. Hakuna iliyobaki Zohali ila chombo chenyewe. Na serikali iliyokosa kuchimba kisima haikukosa kwa sababu ya Cassini. Kama unaona tofauti, nitakusoma kwa heshima.

#19 Mdau

Iliishaje? Na je, kuna uhai kule au hakuna?

#20 Mleta uzi

Iliisha kwa kuangushwa makusudi. Mafuta yalikuwa yanaelekea kwisha, na waliogopa siku moja ingekuja kuanguka Enceladus au Titan ikiwa na vijidudu vya duniani. Ikapitishwa mara 22 kwenye upenyo kati ya Zohali na pete zake, sehemu ambayo hakuna chombo kilichowahi kupita, kisha tarehe 15 Septemba 2017 ikaingia kwenye hewa ya Zohali. Dakika za mwisho antena ilielekezwa duniani na vifaa vinane vikiwa vinapima na kutuma hapo hapo, spektromita ikionja gesi ya sayari. Ishara ilikatika Canberra saa tisa kasoro dakika tano mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa kuwa ishara inachukua dakika 83 kufika, Cassini ilikuwa imeshateketea zamani.

Kuhusu uhai: Cassini haikuwa na uwezo wa kujibu. Spektromita yake ilikomea molekuli za uzito wa 99 (atomu ya hidrojeni ikihesabiwa 1). Vitu vya maana kwa uhai vingi ni vizito zaidi ya hapo. Kipima vumbi kilikuja kuonyesha, katika matokeo ya 2018, vipande vya molekuli za kaboni vyenye uzito zaidi ya 200, ila bila undani wa kuzitambua. Mwaka 2023 Postberg na wenzake wakapata fosfeti, chumvi ya fosforasi ambayo uhai huihitaji, katika data zile zile za zamani, chombo kikiwa kimekufa miaka sita.

Ndiyo maana natazama zaidi kinachokuja. Europa Clipper ya NASA, ya kuchunguza Europa, mwezi wa Mshtarii, ilirushwa 14 Oktoba 2024 na inatarajiwa kufika Mshtarii Aprili 2030. Imebeba spektromita inayoweza kutenganisha molekuli zenye uzito unaokaribiana mno, na kipima vumbi kilichoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya punje za mwezi wenye bahari. Hivyo viwili ni watoto wa vile vya Cassini. JUICE ya ESA, inayokwenda kwenye miezi ya Mshtarii, ilirushwa 14 Aprili 2023, na kipimasumaku chake kiliundwa chini ya uongozi wa Dougherty yule yule. Na mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa ESA ilipendekeza Enceladus iwe shabaha ya safari yao kubwa ya baadaye.

#21 Mdau

Nina kijana yuko kidato cha sita, anapenda fizikia na kompyuta. Hizo data ulizosema ziko wazi, aanzie wapi?

#22 Mleta uzi

Aanze na kipimasumaku, mzazi mwenzangu. Faili ni nyepesi, ni maandishi ya namba tu: muda, na nguvu ya uga kwa pande tatu. Hata kompyuta ya kawaida inatosha. Achukue siku mbili, 9 Machi 2005 na 14 Julai 2005, achore kila upande wa uga dhidi ya muda, halafu atafute pale mstari unapoacha njia yake. Asisome maelezo ya mtu kabla hajauona mwenyewe. Akikwama kwenye kuchora, aweke mchoro hapa hapa kwenye uzi tuutazame pamoja.